UZI: Bryson DeChambeau, mcheza gofu aliyemfokea mpiga kamera, kisha akaishika kamera mwenyewe

Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Julai 2020, Detroit, mashindano ya Rocket Mortgage Classic. Watazamaji hawakuruhusiwa uwanjani kwa sababu ya korona. Bryson DeChambeau anautoa mpira kwenye mchanga vibaya, hasira zinampanda, anauchapa mchanga kwa fimbo. Mpiga picha wa televisheni hamwachi, anaendelea kumfuata na kamera. DeChambeau anamgeukia, wanajibizana. Jioni akawaeleza waandishi kwamba mchezaji anapochukuliwa picha akiwa katika hali ile, jina lake la biashara linaweza kuharibika. Kesho yake akachukua kombe.

Mtu huyohuyo leo ana chaneli ya YouTube yenye wafuasi zaidi ya milioni 2. Humo anakosa mashimo mepesi, anapoteza mipira majini, anajikaripia kwa sauti, na yote hayo anayaweka hewani mwenyewe.

Nimefungua uzi huu kwa sababu kila akitajwa humu, mjadala unaishia "yule wa YouTube" upande mmoja na "yule wa pesa za Wasaudi" upande wa pili. Kote mnampunja. Mimi naamini zile video ni sehemu ya kazi yake kama zilivyo fimbo zake, na bila hizo nadhani tungekuwa tunamzungumzia kama kipaji kilichochukiwa na kikachoka mapema.

Nianze alikotoka, kwa haraka. Amezaliwa Septemba 1993 Modesto, California, akakulia Clovis karibu na Fresno. Chuo alisoma fizikia, Southern Methodist kule Dallas. Mwaka 2015 alichukua ubingwa wa vyuo vya Marekani na ubingwa wa wachezaji wa ridhaa wa Marekani, vyote viwili ndani ya mwaka mmoja. Kabla yake waliofanya hivyo ni wanne tu: Jack Nicklaus, Phil Mickelson, Tiger Woods na Ryan Moore. Aprili 2016 akacheza Masters, moja ya mashindano manne makubwa ya gofu, akiwa bado wa ridhaa, akamaliza nafasi ya 21 sawa na wengine, kisha akaingia gofu ya kulipwa. Ushindi wake wa kwanza wa PGA Tour, mfululizo mkuu wa mashindano ya kulipwa Marekani, ni John Deere Classic, 2017.

Kwa hiyo anayesema umaarufu wake umetengenezwa na mitandao, aanzie hapo.

Kedi Mstaafu

Uzi mzuri, mkuu. Niongeze kuhusu vifaa, maana hapo ndipo mimi nilipoanza kumfuatilia.

Seti ya kawaida ya fimbo za chuma huwa na urefu unaopishana. Ya namba ndogo ni ndefu, inapeleka mpira mbali. Ya namba kubwa ni fupi. Yeye akazikata zote ziwe na urefu mmoja, takriban ule wa namba 7. Hoja yake ni kwamba ukisimama vilevile, umbali wako na mpira ukiwa uleule na mzunguko wa mwili uleule kila mara, umepunguza vitu vinavyoweza kukosewa. Kinachobaki kutofautisha umbali ni pembe ya kichwa cha fimbo.

Mipira nayo aliielea kwenye maji yenye chumvi ya Epsom aone upande upi mzito, ili ajue kama kitovu chake kimekaa sawa. Watu walimwona kituko. Mimi niliyebeba mifuko ya watu miaka mingi nakwambieni, mchezaji anayekagua vifaa vyake hivyo utamheshimu hata kama humpendi.

Kuna jambo limenitatiza muda mrefu. Alianza kupendwa lini hasa? Maana nakumbuka kipindi alichokuwa akizomewa kila shimo.

Mleta uzi

Mzee wangu, hilo ndilo nililotaka tufike.

Chuki ilianza na uchelewaji. Agosti 2019, Liberty National, alitumia zaidi ya dakika mbili kujipanga kwa mpira uliokuwa futi 8 tu kutoka shimoni. Video ikasambaa, wachezaji wenzake wakamsema hadharani. Kisha akaja na ule mwili. Kati ya 2019 na 2020 aliongeza takriban kilo 18 kwa chakula na vyuma, kusudi aupige mpira mbali kuliko wote. Septemba 2020 akachukua US Open pale Winged Foot kwa tofauti ya mikwaju 6. Ndiye peke yake aliyemaliza siku nne akiwa chini ya kiwango cha uwanja, yaani idadi ya mikwaju inayotarajiwa. Wapo waliosema ameuharibu mchezo kwa nguvu. Naye, kabla ya Masters ya Novemba mwaka huo, akasema kwa nguvu zake uwanja wa Augusta, unaochezewa Masters, anauona kama wa mikwaju 67 badala ya 72. Akamaliza nafasi ya 34. Kauli ile ilimfuata miaka.

2021 ikawa na matukio ya pande zote mbili. Machi, Bay Hill, shimo la 6 linalozunguka ziwa: badala ya kufuata njia akapiga juu ya maji, yadi 370, akanyanyua mikono juu kabla mpira haujatua, na akashinda mashindano yale. Miezi michache baadaye ugomvi wake na mchezaji mwenzake Brooks Koepka ukageuka burudani ya watazamaji, wakawa wanamwita "Brooksie" kila akijiandaa kupiga. Julai kwenye The Open akalaumu fimbo yake kubwa hadharani, kampuni iliyoitengeneza ikamjibu hadharani, akaomba radhi. Agosti akakataa kuongea na waandishi wa magazeti.

Mzee, ukiangalia mfululizo huo utaona kamera zote zilikuwa za wengine. Televisheni ilimwonyesha dakika chache kwa siku: amepiga mbali, amekasirika, amechelewa. Saa zilizobaki, anazotembea akihesabu upepo na kuuliza maswali kama mtoto wa shule anayependa somo, hakuna aliyeziona.

Mama wa Kinondoni

Jamani mimi gofu sijui kabisa. Huyu kaka nilimwona na Trump wakicheza pamoja, mwanangu alikuwa anaangalia kwenye simu nikajikuta nimekaa mpaka mwisho. Nielezeni walichokuwa wanashindania, maana nilielewa wanahesabu tu.

Mleta uzi

Karibu sana mama yangu, swali lako lina maana kubwa kwenye uzi huu.

Uwanja kamili una mashimo 18. Kila shimo lina idadi ya mikwaju inayotarajiwa, na ukijumlisha yote mara nyingi unapata 72. Kadiri unavyopiga michache ndivyo unavyofaulu.

Kipindi ulichoona kinauliza swali moja tu: je, yeye na mgeni wake wanaweza kumaliza uwanja mzima kwa mikwaju isiyofika 50? Wanaanzia sehemu za mbele, karibu zaidi na shimo. Wote wawili wanapiga, wanachagua mpira ulioangukia pazuri, na wote wanapiga tena kutoka pale. Hata kwa msaada huo bado ni kazi, kwa sababu karibu kila shimo lazima ulipunguzie mkwaju mmoja, na mengine mawili. Ile ya Trump ilipigwa kwenye uwanja wa Trump mwenyewe, Bedminster, New Jersey, ikarushwa Julai 2024, na ilikuwa na lengo la kuchangia maveterani waliojeruhiwa vitani. Walimaliza na 50 kamili. Wamekosa kwa mkwaju mmoja.

Sasa tazama, mama. Wewe hujui gofu na umekaa mpaka mwisho. Swali linaeleweka na kila mtu, hesabu inaonekana kwenye skrini, na unaona mchezaji anavyoshauriana na mwenzake kila mpira. Hilo televisheni ya gofu haijawahi kukufanyia.

Msomi wa Takwimu

Naheshimu mapenzi yako mkuu, ila naona unaruka jambo. Huyu jamaa alihamia LIV, ligi ya gofu iliyoanzishwa kwa pesa za Wasaudi, Juni 2022. Vyombo vya habari viliandika mkataba wake umepita dola milioni 100. LIV walicheza siku tatu, mashimo 54, hakuna kuondolewa katikati ya mashindano, na ratiba yao ni fupi. Ukishalipwa namna hiyo na una wiki tele za kukaa nyumbani, kuna ugumu gani wa kutengeneza video? Mpe mchezaji wa PGA Tour muda huo na pesa hizo, naye atatengeneza.

Jambo la pili: kucheza kutoka sehemu za mbele, mipira miwili, hakuna presha. Hicho ni kipimo cha nini?

Mleta uzi

Msomi, hoja yako ya kwanza naikubali karibu yote. LIV ilimpa muda. Ilimpa na uhuru wa kurekodi, ambao naona una uzito kuliko muda.

PGA Tour haki za picha za mashindano ni za tour. Mchezaji hawezi kuingia na wapiga picha wake katikati ya raundi akajirekodi na kurusha kwenye chaneli yake. Ushahidi wa karibuni ni wa Grant Horvat, mtengeneza video maarufu wa gofu. Julai 2025 alipewa mwaliko wa kucheza Barracuda Championship, mashindano rasmi ya PGA Tour. Akaukataa, kwa sababu hakuruhusiwa kurekodi raundi zake. Mtu anaalikwa kwenye meza ambayo maelfu wanaililia, anasema bila kamera yangu siji. Nilipoisoma habari ile nilielewa ukubwa wa mabadiliko haya. Tour yenyewe imeshaliona hilo: Agosti 2024 waliandaa Creator Classic pale East Lake, Atlanta, mashindano mafupi ya watengeneza video, Luke Kwon akashinda. LIV nao 2025 wakaja na mechi yao ya The Duels, wachezaji wa kulipwa wakioanishwa na watengeneza video.

Lakini kusema yeyote akipewa muda atafanya, hapo sikubali. Waliohamia LIV na mikataba minono ni wengi. Muda wanao. Wangapi kati yao mtoto wa Mama wa Kinondoni anawajua kwa sura?

Hoja ya pili nitaijibu kwa matokeo. Mwanzoni mwa LIV alikuwa hoi. Aprili 2022 alifanyiwa upasuaji wa mfupa wa mkono wa kushoto. Novemba mwaka huo akampoteza baba yake, Jon. Akabadilisha chakula, ule mwili mkubwa akaupunguza. Halafu Agosti 2023, Greenbrier, West Virginia, raundi ya mwisho ya LIV, akapiga 58 kwenye uwanja wa kiwango cha 70. Aliyapunguzia mashimo 13 mkwaju mmoja mmoja na kuharibu moja tu. Mpira wa mwisho aliuzamisha kutoka mbali akaruka kwenye mvua kama mtoto. Mei 2024 akawa wa pili PGA Championship pale Valhalla, mikwaju 20 chini ya kiwango, Xander Schauffele akamshinda kwa mmoja.

Na Juni ikaja Pinehurst.

Kedi Mstaafu

Pinehurst niachieni mimi jamani.

US Open 2024, uwanja namba 2. Anaingia siku ya mwisho akiongoza kwa mikwaju mitatu. Rory McIlroy anamfikia, anampita, halafu anakosa kampira kafupi shimo la 16, na kengine kasichofika futi 4 shimo la 18. DeChambeau yuko nyuma yake, anahitaji kumaliza la 18 kwa mikwaju minne tu ashinde.

Mpira wa kwanza unakwenda kushoto, unaingia chini ya mti, mzizi uko mbele. Hawezi hata kurudisha fimbo nyuma vizuri. Anausukuma utoke, unaingia mchangani yadi 55 kutoka kwenye bendera. Asiyecheza gofu asikie hili: mchangani karibu na grini, ile sehemu ya nyasi fupi yenye shimo, yadi 10 au 15, ni kazi ya kawaida kwa hawa watu. Yadi 55 ni mpigo ambao wachezaji wakubwa wenyewe huuogopa, kwa sababu uko mbali mno kwa mpigo mfupi na karibu mno kwa mpigo kamili, na ukigusa mpira kabla ya mchanga unaruka mpaka kwa watazamaji. Yeye akauweka futi 4. Akauzamisha. Kushinda kwa mkwaju mmoja, dola milioni 4.3.

Ilikuwa Siku ya Akina Baba kule Marekani. Pinehurst hiyohiyo ndiko Payne Stewart aliposhinda 1999, miezi michache kabla ya kufa kwenye ajali ya ndege. Stewart naye alisoma Southern Methodist. DeChambeau alikuwa na nembo ya Stewart kwenye kofia.

Nami nakiri uwanja mzima siku ile ulikuwa wake. Watu walewale waliokuwa wakimzomea miaka mitatu nyuma.

Mleta uzi

Mzee, umemaliza. Mimi niongeze kilichofuata: alizunguka na kombe akawaachia watazamaji waliguse. Kati ya mashimo siku zile nne alikuwa akipiga gumzo na watu kando ya kamba, anacheka nao, anawajibu. Kwa nini? Kwa sababu alikuwa ameshazoea kucheza huku akizungumza na mtu. Kwenye video zake anapiga, anaeleza, anakosea, anaeleza kwa nini amekosea, anapiga tena. Mtu aliyeishi hivyo wiki hadi wiki, umati wa Pinehurst kwake ni wageni wa kawaida. Msomi, ukiniuliza kipimo ni cha nini, nakujibu hicho. Mchezaji ambaye 2020 kamera moja ilimtoa kwenye akili yake, 2024 maelfu ya macho yalimpa nguvu.

Msomi wa Takwimu

Hapo umenipa la kufikiri, ingawa uhusiano kati ya video na ule mpigo wa mchangani huwezi kuuthibitisha, mkuu. Mpigo ule ni mazoezi.

Na mbona hujataja 2025? Masters aliingia siku ya mwisho kundi moja na McIlroy, akashika uongozi baada ya mashimo mawili, akaishia na 75, nafasi ya 5 sawa na wengine. US Open pale Oakmont, akiwa bingwa mtetezi, hakuvuka hata mchujo wa siku mbili.

Mleta uzi

Ni kweli, mpigo wa mchangani ni mazoezi. Ninachosema mimi ni kuhusu kichwa kilichoupiga.

2025 naikubali, Oakmont ilimshinda. Ila weka na mengine ya mwaka huohuo: PGA Championship pale Quail Hollow, nafasi ya pili sawa na wengine nyuma ya Scottie Scheffler. LIV Korea, ameshinda. The Open, Portrush, kumi bora. Na timu ya Marekani ya Ryder Cup, pambano la Marekani na Ulaya, aliingia kwa pointi zake mwenyewe, wakati mashindano ya LIV hayakuhesabiwa hata moja. Yaani alikusanya pointi kwenye mashindano makubwa tu huku wenzake wakizichota karibu kila wiki. Bethpage walipoteza kwa Ulaya 15 kwa 13, lakini siku ya mwisho alikuwa nyuma kwa mashimo matano mbele ya Matt Fitzpatrick, akarudi wakatoka sare. Mtu aliyehamishia akili kwenye video harudi namna ile.

Mama wa Kinondoni

Mwanangu anasema kuna ile ya kupiga mpira juu ya nyumba. Ni kweli au wamehariri?

Mleta uzi

Ni kweli mama. Novemba 2024, nyumbani kwake Texas. Anasimama upande mmoja wa nyumba, grini iko upande wa pili, halioni shimo. Sharti: siku ya kwanza mpira mmoja, siku ya pili miwili, siku ya tatu mitatu, anaongeza hivyo hadi mmoja uzame moja kwa moja. Ulizama siku ya 16, mpira wa 14 wa siku hiyo. Ukijumlisha yote ni mipira 134.

Hapo ndipo naona ustadi wa mtengenezaji. Kanuni unamweleza mtoto kwa sentensi moja, kila kipande ni kifupi, kesho kuna kingine, na hatari imo: kuna madirisha, kuna paa. Lakini kuweka mpira karibu na shimo usiloliona mara nyingi vile, kwa umbali wa kama yadi 100, hakuwezi mtu asiye wa daraja lake. Mtengeneza video wa kawaida angekwama mwezi mzima na watu wangechoka.

Kedi Mstaafu

Na vijana wanajifunza humo. Pale klabuni siku hizi kuna mtoto wa kedi mwenzangu, hajawahi kulipiwa mwalimu, lakini anakueleza kwa nini mpira uliolala kwenye nyasi ndefu unatoka bila mzunguko mwingi. Ukimuuliza kajua wapi, anakuonyesha simu. Zamani elimu ile ilikuwa ya wanachama. Sisi tuliiokota tukiwa tumebeba mifuko, neno moja moja, bosi akiwa na furaha.

Mkuu, huyo mtoto anataka kujua aanze na video ipi, bando lake dogo.

Mleta uzi

Mzee, mwambie aziache kwanza zile za wageni maarufu, zinakaribia au kupita saa nzima. Atafute zile anazocheza peke yake akijaribu kuvunja rekodi ya uwanja fulani. Humo hakuna wa kumsaidia, anapiga kila mpira mwenyewe na anaeleza uamuzi kabla ya kupiga: upepo, mteremko, mpira umelalaje, fimbo gani na kwa nini si ile nyingine. Asimamishe video pale kabla hajapiga, aamue yeye angepiga nini, kisha aendelee. Akipata wifi ya klabu apakue mbili tatu, zitamtosha mwezi.